Neno la Tano Mlangoni mwa Lori

Hospitalini, Mombasa
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kwako Baba mpendwa,

Wenzangu humu wodini wakiandika kwao huanza na salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Mchanga wenyewe nauona kutoka dirishani, na miezi miwili sasa sijaona faida yake. Hauoti hata mboga. Mimi nakuletea salamu nyingi kama majani ya chai ya kwetu Gesima mvua ikishakolea, yale ambayo mikono ya nyumba nzima haitoshi kuyachuma. Hamjambo? Kifua cha Mama kimepoa, au moshi wa jikoni bado unamkohoza? Kerubo aliniandikia kwamba mvua ya mawe ililipiga lile shamba la chini. Natumaini michai imeanza kuchipua tena. Na yule ng'ombe mwenye baka usoni, amezaa?

Mimi nipo. Sitaandika kwamba ni mzima wa afya, kwa sababu nimechoka kuandika yasiyo kweli, na barua hii nimeianza ili niache. Mguu ambao niliwaambia umeumia kidogo ulikatwa chini ya goti siku ya tatu baada ya ajali. Ni wa kushoto, mguu wa klachi. Mwambie Mama polepole. Mwambie kidonda kimekauka na chakula nakula, na hayo mawili ni kweli.

Utashangaa kwa nini naandika Kiswahili na sisi nyumbani tunasema Ekegusii. Ni kwa ajili ya Fundi Juma. Yeye ni Mnubi wa Kisii mjini, Ekegusii chake ni cha sokoni tu, na nataka asikie barua hii neno kwa neno bila mtu kumfasiria, maana ndiye aliyeshika brashi ya rangi. Nataka isomwe mbele ya wanachama wote wa ushirika wenye lori, hapo Kebirigo, mdogo wangu Makori akiwa ameketi mbele kabisa.

Na wewe Kerubo, dada yangu unayesoma, keti. Nakujua, unasoma umesimama mlangoni ili upate mwanga. Leo keti chini. Makori anajua kusoma lakini huruka mistari, na hapa kuna mistari ambayo akiiruka atakufa. Ningeweza kumwandikia mwalimu wa shule akusomeeni nyote, lakini si haki mambo haya uyasikie kwa mtu wa nje. Kwa hiyo isome kwanza peke yako, kimya, mpaka mwisho. Ukishindwa kuisoma mbele ya watu, hapo Baba amwite mwalimu.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Ulisema trela imefika, ile iliyonunuliwa kwa Mzungu aliyeuza shamba upande wa Sotik, na kwamba wazee walikuja kuipapasa kama ng'ombe wa mahari. Ulisema Makori amepata leseni. Ulisema Fundi Juma ameyanakili yale maneno yangu sita ya barua ya mwaka jana, ya kupunguza dizeli, ameyaandika kwa rangi nyeupe upande wa ndani wa mlango, dereva ayaone kila anapoufunga. Na Jumatatu baada ya Sabato ijayo Makori ataondoka na ndizi na magunia ya pareto kwenda Nakuru, lori limejaa na trela imejaa. Halafu ukaandika, nadhani ili unichekeshe: "Makori anasema kutoka Mau Summit mpaka Nakuru dizeli haitapungua hata tone. Ataliweka frii kama wewe, na atakupita." Ukaongeza kwamba marehemu Ombati angefurahi kuona kazi yenu imerithiwa.

Niliposoma mstari huo nilimwita muuguzi kwa sauti mpaka wodi nzima ikageuka. Alidhani nataka dawa.

Siku hiyo hiyo nilimtuma mlinzi wa wodi posta apeleke telegramu: LORI LISIONDOKE NGOJA BARUA. Naomba Mungu iwe imefika. Najua mmekasirika. Ndizi zinaiva, wanachama wananung'unika, na Makori anatangaza kwamba kaka yake anaogopa kupitwa. Ndiyo maana siandiki tu "msifanye hivi" nikatia sahihi. Namjua mdogo wangu. Ukimwambia usiguse moto bila kumwonyesha kovu, ataugusa. Basi kovu ni hili.

Tangu Waarabu walipopandisha bei ya mafuta, tajiri wetu hapa amekuwa mtu wa kijiti. Lori likitoka, karani anatumbukiza kijiti chenye alama kwenye tangi. Likirudi, anakitumbukiza tena. Majina yetu yameandikwa ubaoni ofisini, aliyekunywa dizeli kidogo yuko juu, na mlevi yuko chini. Ukikaa chini miezi miwili mfululizo unanyang'anywa lori na kupelekwa kupakia magunia bandarini. Wagusii tulikuwa wawili tu pale, mimi na shemeji yetu Ombati, mume wa Kerubo, dereva mwenzangu katika lori moja. Tulikuwa tukipokezana usukani. Na kazi yetu ni ya trela, Baba, na trela ni mgeni asiyepewa jembe: kazi yake ni kula tu.

Kwa hiyo tulitafuta njia. Mengi tuliyoyapata ni ya kweli mpaka leo, na nataka yabaki mlangoni. Neno la kwanza, magurudumu yajazwe upepo asubuhi kabla hayajapata joto, na ya trela msiyasahau kwa kuwa yako nyuma. Gurudumu legevu linakula dizeli kuliko mlima. La pili, turubai likazwe lisipige makofi njiani, na mzigo mzito ukae chini, usirundikwe nyuma, la sivyo trela itatingisha mkia. La tatu, mguu uwe mwepesi. Mlima uuone ukiwa mbali, uchukue kasi mapema, ushushe gia kabla injini haijaanza kulia. Moshi mweusi mnaouona ukitoka ni dizeli mnayoitupa. La nne, chujio la hewa likung'utwe vumbi kila siku, na kwa ile barabara yenu ambayo hata kuku mweupe hurudi mwekundu, likung'utwe mara mbili. La sita, trela itiwe grisi, na breki zake zisiburuze gurudumu wakati hujazikanyaga. Kwa hayo matano peke yake tulipanda ubaoni kutoka wa tisa mpaka wa tatu. Karibu yote ni Ombati aliyenifundisha, ingawa katika ile barua niliandika kama yametoka kichwani mwangu.

Nafasi ya tatu haikunitosha. Hapo ndipo lilipoingia neno la tano, na hilo ni langu peke yangu.

Kuweka frii ni kutoa gia kileleni na kuliacha lori na trela yake vishuke kwa uzito wao, injini ikikoroma taratibu kama paka. Madereva wengi wa barabara hii wanafanya hivyo na kila mmoja anajiona mjanja. Unahisi kama umepewa safari ya bure. Nilianza kwenye miteremko midogo, Ombati amenikunjia uso. Yeye alinizidi miaka kumi na aliendesha lori tangu enzi za Wazungu. Zamu yake ikifika alishuka na gia, polepole, wenzetu wakitupita na kutupigia honi. Mimi nikawa namtania.

"Shemeji, unaendesha kama umebeba mayai."

"Hii mayai iko na wenyewe nyumbani, bwana," alikuwa akinijibu, wala hakuongeza kasi.

Mwezi huo jina langu likawa la kwanza ubaoni. Nikapewa lori jipya, na Ombati akaja nalo kama mwenzangu. Nikawaandikia ile barua ya majivuno. Nanyi mkaisoma mbele ya wanachama, na mzee mmoja akakuambia, Mogaka, mtoto wako amehitimu chuo cha dizeli. Kerubo aliniandikia hivyo, na nilizunguka na karatasi hiyo mfukoni wiki nzima. Nilikuwa na furaha kweli, Baba. Sikumbuki lini nilikuwa na furaha kama ile.

Sasa ajali.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, barabara kavu. Tulikuwa tunatoka Nairobi na kahawa ya kupakia melini, na zamu ilikuwa yangu. Ukishapita Mazeras barabara inaanza kushuka kuelekea Mombasa. Nilikuwa nimekisia dizeli kichwani, nikaona dereva wa pili ubaoni ananikaribia, nikataka mteremko huo unirudishie kidogo. Nikashika kijiti cha gia.

Ombati aliniambia neno. Nikacheka, nikatoa gia. Lori likaanza kujishukia. Akaniambia tena, neno lile lile, lakini safari hii hakuwa ananitania, na wakati huo kasi ilikuwa bado ndogo, gia ingeweza kurudi. Nikaliacha lizidi kushuka. Maneno yenyewe siyaandiki hapa. Ni mali ya Kerubo, nitayaandika mwishoni.

Kufikia kona ya pili trela ilikuwa inatusukuma. Mtu ambaye hajasukumwa na trela hawezi kujua. Ni kama fahali amekuwekea kichwa mgongoni kwenye njia ya mtoni yenye utelezi. Nikakanyaga breki, zikashika. Nikaachia, nikakanyaga tena, moshi ukaanza kutoka magurudumuni na harufu ikaingia ndani. Nikataka kurudisha gia. Hapo ndipo mtego ulipo, na Makori afungue masikio: gia uliyoitoa kileleni huwezi kuirudisha chini. Kasi ikishazidi utakanyaga klachi, utasukuma kijiti cha gia kwa nguvu zako zote, na gia zitalia tu kama mawe ndani ya kinu. Haziingii. Nilijaribu mara tatu. Ombati aliweka mkono wake juu ya mkono wangu tukasukuma pamoja, na hazikuingia. Nilipokanyaga breki mara nyingine nilikuwa kama ninakanyaga ndizi mbivu.

Upande wa kulia kulikuwa na korongo. Upande wa kushoto kulikuwa na ukingo wa mawe, pale barabara ilipokatwa kilimani. Nikakata usukani kushoto. Dereva katika nchi hii huketi kulia, Baba. Aliyekuwa kushoto ni Ombati. Trela ilikuja na uzito wake wote ikatubana kwenye yale mawe, na yeye alifariki pale pale. Nimejiuliza sana humu kitandani kama wakati ule nilikuwa na nafasi ya kuchagua nani apigwe na mawe. Sijui. Ninalolijua ni kwamba kule kileleni nafasi nilikuwa nayo, tena nilikumbushwa mara mbili.

Askari wa trafiki alipokuja wodini nilimwambia breki zilikataa. Akaandika. Nanyi nikawaambia hivyo hivyo. Mwili ukafika Kebirigo, na wewe Baba, mzee wa kanisa, ukasimama kaburini mbele ya ukoo wa Ombati ukasema kwamba chuma hakina macho, hakuna wa kulaumiwa, na mwanao ni shahidi. Kerubo aliniandikia maneno yako yote. Wewe uliyetuchapa kwa uongo wa kijiko cha sukari, mimi nimekusimamisha juu ya kaburi ukaseme uongo wangu.

Na kuna jambo baya zaidi. Kwetu mtu akifa mkononi mwa mwenzake, pande mbili hazili chungu kimoja mpaka maneno yamezungumzwa mbele ya wazee. Unajua hivyo kuliko mimi. Baada ya mazishi mlikaa na wazazi wa Ombati, mkanawa maji ya beseni moja, mkala ugali wetu wa obokima pamoja, kwa sababu ya maneno yangu. Nimewalisha pamoja kwa hila. Nakuomba uende kwa baba yake Ombati kabla ya Sabato nyingine, usinywe hata maji kwake, umweleze. Wakisema kikao kiitwe, kiitwe. Wakisema nikae nje ya mji wangu, nitakaa. Hayo ni juu yao.

Nimesema Makori aonyeshwe kovu, basi hili ndilo la ndani kabisa. Juzi fundi mkuu wa gereji yetu, Kalasinga mzee mwenye ndevu nyeupe, alikuja kunitazama na machungwa. Akakaa pembeni ya kitanda, akamenya moja, akanipa nusu. Kisha akaniuliza nilikuwa gia gani. Nikatia chungwa mdomoni.

"Giaboksi nimefungua mimi," akasema. "Gari ilikuwa frii. Tajiri sijaambia. Nangoja wewe."

Nikamwambia nilitaka kupunguza dizeli. Hasira zote zikamtoka, akabaki na huzuni tu.

"Nani alifundisha wewe? Lori ikishuka na gia, mguu juu, pampu inafunga. Injini hainywi kitu, magurudumu ndiyo inazungusha. Ukiweka frii, lazima inywe kidogo kidogo ndiyo isizime. Wewe hapana punguza dizeli. Wewe umetupa breki tu."

Baba, nililia mbele yake kama mtoto. Nikaanza kukumbuka. Ule mwezi niliokuwa wa kwanza ubaoni ndio mwezi ambao Ombati alibadilisha chujio la hewa, akatia trela yote grisi kwa mikono yake, akawa anaamka mapema kila asubuhi kupiga pampu magurudumu kumi na manne. Mimi nililala mpaka chai ilipoiva. Kazi yake ilinipandisha ubaoni, nami nikadhani ni ujanja wangu. Tuliimba shuleni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu limevunjika, sawa. Lakini mkuu mwenyewe ndiye aliyezikwa, na hilo methali haikutuambia.

Kwa hiyo, Fundi Juma, chukua msasa uufute mstari wa tano, usiupake rangi juu, usugue mpaka chuma kionekane. Na wewe Makori, sikiliza. Mlima unaoupanda na gia ya pili, utaushuka na gia ya pili. Simama kileleni kabla ya kushuka, ujaribu breki, zako na za trela, uchague gia ukiwa umesimama, na usiiguse tena mpaka tambarare. Breki zikanyage kwa vipande, uziachie zipoe. Watakupita. Watakupigia honi na kukuita bibi harusi. Waache waende. Safari ya kwanza ya trela chukua nusu ya mzigo, na mtu mzima wa kukaa kando yako ambaye humwogopi na yeye hakuogopi. Ukisikia mwenzako anakuambia jambo mara mbili, simamisha gari. Mimi sikuandika hilo mwaka jana kwa sababu sikulijua. Ningependa ulijue ukiwa na miguu miwili.

Akikataa, Baba, ufunguo wa lori apewe Mama aufunge kwenye kitambaa chake. Hakuna Mgusii atakayeuchukua hapo kwa nguvu.

Jumanne yule askari wa trafiki atarudi kwa maandishi ya mwisho. Nitamweleza kama nilivyokueleza wewe. Tajiri pia nimemwomba aje. Kazi imeshakwenda na mguu, kwa hiyo hapo sina la kuogopa. Kama ni jela, nitakwenda. Usije Mombasa kunitetea, na usiuze ng'ombe kutafuta wakili. Kaa na Mama, na shamba la chini mlitie mbolea wakati mvua bado ipo.

Salamu zangu zimfikie Mama, na aambiwe nimeota mara tatu nakula mboga zake za chinsaga. Msalimie Magokoro, bibi yetu, ambaye alinikataza kazi ya magari na nikamwambia mambo yamebadilika. Msalimie Fundi Juma. Halaumiwi kwa kunakili vizuri jambo baya. Wasalimie wale watoto wawili wa Ombati, wajomba zao tuko hai, hata kama mmoja wao hastahili kusalimiwa nao. Kwa baba na mama wa Ombati siwezi kutuma salamu. Wakizikubali siku moja, nitazileta mwenyewe, kwa magongo.

Sasa ni wewe na mimi, Kerubo.

Baada ya mazishi uliniandikia ukiniuliza Ombati alisema nini mwisho. Nilikujibu kwamba alisema Mungu awatunze. Ulinishukuru, ukasema maneno hayo unayasema na watoto kabla ya kulala. Nilikutungia, dada. Hakusema hivyo. Sikuombi msamaha katika barua hii, kwa sababu msamaha hauombwi kwa stempu. Nataka tu uwe na maneno yake ya kweli, hata ukinichukia maisha yako yote, na ukinichukia nitaelewa. Aliyasema mara mbili, mara ya kwanza akitabasamu, mara ya pili ameshika kiti kwa mikono miwili:

"Weka gia, shemeji. Tuko na watu nyumbani."

Watu hao mlikuwa ninyi. Fundi Juma akishasugua mstari wa tano, ayaandike hayo mahali pake kwa rangi ile ile nyeupe. Herufi ziwe kubwa, Makori azione hata akiwa na haraka.

Ni mimi mwanao, na kaka yenu,
Nyakundi